Meno ya Plastiki

Wiki hii nimeona ufizi wa mjukuu wangu umevimba, nikamkumbuka mama, tuliyemzika juzi.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, baba alikuwa shamba la ujamaa. Mdogo wangu Chacha, bado mchanga, alikuwa anaharisha na kuchemka homa. Bibi mzaa baba akaja na spoku ya baiskeli inayonuka moshi, akafunua mdomo wa Chacha na kumwonyesha mama vidoti vyeupe ndani ya ufizi.

“Mkamwana, haya ni meno ya plastiki. Yasipong'olewa, mtoto anakufa.”

“Mama, shikamoo nakupa kila asubuhi. Ufizi wa mwanangu sikupi.”

Mimi nilimwamini bibi. Leo najua vile vyeupe vilikuwa meno halisi ya utoto, hayajatoka tu, na Chacha anatafuna nyama kwa meno yake mwenyewe mpaka sasa. Lakini siku ile, mama alipombeba kwenda zahanati, nilimfuata njia nzima nikilia na kumwita muuaji, naye hakugeuka.