Kioo cha Chumba cha Vidonda

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Watu wakikimbilia kutazama nyumba inayoungua, mimi huendelea kufua. Kwa hiyo nikisema wifi yangu amenishangaza, jueni nimeshangaa kweli, tena nikiwa na akili zangu timamu.

Wifi ni mke wa kaka yangu, na ni muuguzi wa vidonda katika kituo cha afya cha mtaani kwetu, kilichofunguliwa kwa ajili ya watu wasio na bima. Mwenye chochote hutoa. Asiye nacho hukaa benchi lile lile na kutibiwa na mikono ile ile. Wagonjwa humwita Bi Taratibu, kwa kuwa ndilo neno analowaambia tangu anapofungua mlango mpaka anapoufunga. Nilipopoteza kazi ya udobi hotelini, yeye ndiye aliyenipeleka pale nioshe vyombo vyake, nivichemshe, nikunje na vitambaa vya kufungia. Siku ya kwanza harufu ilinitoa nje mbio. Nilirudi kwa aibu tu, nikamkuta anamkamua mtu usaha huku akimsimulia jinsi kaka yangu anavyokoroma. Mgonjwa alikuwa anacheka mpaka machozi.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kina kitanda kirefu, sinki, taa yenye shingo ya kupinda, na kioo cha mkononi chenye mpini. Kioo kile ndiyo sheria yake. Wagonjwa wake wengi wana kisukari, na kisukari huua hisia za miguu. Mtu hukanyaga msumari akatembea nao kutwa nzima. Kidonda kikiwa kwenye unyayo, mwenyewe hakioni wala hakimuumi. Basi wifi hagusi kidonda mpaka mgonjwa akitazame kwanza kwa kile kioo, amwambie anaona nini.

Ndipo akaja fundi cherehani. Alikuwa na kidonda kwenye unyayo wa kulia, mguu ule ule anaokanyagia cherehani. Hospitali kubwa walishamwambia ukatwe. Alikuja na mkewe, na mkewe ndiye aliyesema yote.

"Dada, huyu anasema wakimkata mguu wamchimbie na kaburi kabisa. Dawa hanywi, kupumzika hapumziki. Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Tumwone kwanza, mama," wifi alisema. "Fundi, shika kioo."

"Sitaki kukiona."

"Basi tukae."

Wakakaa. Huko nje benchi lilianza kunung'unika, na mimi nilikuwa nimeshakunja uso. Mwishowe fundi alikishika kioo, akatazama.

"Unaona nini?"

"Shimo. Katikati jeusi. Pembeni pamechanika vibaya, kama kitambaa kilichokatwa kwa kisu butu."

Wifi alimtazama kwa furaha. "Sijawahi kuelezwa kidonda vizuri hivi," alisema.

Daktari wa kituo, binti mpole asiyependa kumficha mtu neno, alimwandikia dawa na kumwambia wazi: kidonda kikitulia mguu utabaki, sumu ikipanda juu ya kifundo, hakuna mjadala, ni kukatwa.

Fundi akawa anakuja kila asubuhi. Alijua kukitazama kidonda kuliko wote, na wifi alimsifu mbele ya benchi zima. Nami nasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Asubuhi moja wifi alimfungua bandeji, harufu ikajaa chumba. Kingo za kidonda zilikuwa zimekatwa duara safi kabisa. Fundi alikuwa amejinunulia kioo chake, akajitazama nyumbani, kisha akachukua mkasi wake wa kukatia vitambaa.

"Kulikuwa na ngozi inaning'inia, dada," alisema kwa sauti ndogo. "Ukingo umekaa upande. Sikuweza kuvumilia."

Wala hakuwa amesikia maumivu yoyote. Wekundu ulishakaribia kifundo.

Nililipuka. "Mzee, una wazimu? Huo mguu ni suruali?"

"Wifi, kachemshe maji," aliniambia Bi Taratibu.

Maji yalikuwa yanachemka tangu nilipofika. Nilielewa, nikatoka.

Niliporudi, daktari alikuwa amechora mstari wa kalamu kwenye ngozi, kuufuata wekundu ulipoishia. Wekundu ukivuka mstari, alisema, fundi apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Akamchoma sindano. Wifi hakumgombeza hata kidogo. Alikata kilichooza kidogo kidogo, akasafisha, akafunga, akamwambia arudi jioni.

"Utaniacha, dada?" fundi aliuliza.

"Niende wapi?"

Jumapili kituo hufungwa, kwa hiyo tulimfuata nyumbani, mimi nimebeba mkoba. Tulimkuta amelala, mguu umeinuliwa juu ya majora ya vitambaa, na mkewe amesimama mlangoni. Wifi alifungua bandeji na kuinamisha kichwa. Wekundu ulikuwa umerudi nyuma ya mstari.

"Tazama," alimwambia fundi, akampa kioo.

Nilichungulia na mimi. Ndani ya lile shimo, palipokuwa peusi, palikuwa na vipunje vidogo vyekundu vinavyong'aa, vimebanana. Nikamuuliza wifi ni nini hivyo, maana nilidhani ni maradhi mapya.

"Ni nyama," alisema. "Inaota."

"Umeiwekea dawa gani?"

"Hakuna dawa inayotengeneza nyama, wifi yangu. Mimi naondoa kinachoizuia tu. Mengine yanafanyika yenyewe."

Nilishika mdomo. Nina watoto, nimefiwa, nimeona mengi, lakini sikujua kwamba mwili wa mtu maskini, umelala juu ya majora ya watu wengine, unaweza kuwa unajishona wenyewe kimya kimya, bila kuombwa na mtu. Tangu siku hiyo sikuisikia tena harufu ya kile chumba. Kila asubuhi niliwahi kuchungulia. Shimo lilijaa, kisha ngozi changa ikaanza kuingia kutoka pembeni, nyembamba, ya waridi, na ukingo wake umepinda vibaya sana. Fundi aliutazama kwenye kioo, akameza mate, akauacha.

Halafu ikafika asubuhi ambayo wifi alifungua bandeji na kukuta hakuna kilichobaki cha kufunga. Aliushika ule mguu kwa mikono miwili muda mrefu.

"Kesho nije saa ngapi?" fundi aliuliza, kama kawaida yake.

"Kesho usije."

Alimtazama kama mtu aliyefukuzwa. Kisha akaelewa. Akashusha miguu yake yote miwili sakafuni, akaziba uso, akalia kwa sauti. Wifi aligeukia sinki, akafungulia maji, akawa ananawa mikono, ananawa tu.