Nywele Ndani ya Foronya

Habari ya sheria niliisikia kwa dereva wa nyumba, Mkenya mwenzangu, tukinywa chai jikoni Riyadh. Inapendekezwa, alisema, kwamba mgeni akipatikana na hatia kubwa, akimaliza kifungo arudishwe kwao na asikanyage tena huku.

"Hatia kubwa ni gani?" nikamuuliza.

"Kuua, mihadarati, uchawi. Uchawi hapa si mchezo, sister."

Lisemwalo lipo. Tangu siku hiyo madam aliyeniajiri aliniangalia mikono kila niliposhika kitu, nami nikazidi kumchunga yeye. Sikumwamini hata kidogo. Nyanya yangu alinifunza nisiache nywele zangu ovyo, maana mwenye nia mbaya akizipata amekupata wewe. Kwetu ningezichoma. Katika nyumba ya watu harufu ingenichongea, kwa hiyo kila nilipochana nilizikusanya, nikazifunga kwenye kitambaa na kukificha ndani ya foronya. Nilijiona mjanja.

Madam alikipata asubuhi moja akipekua chumba changu, kazi aliyoipenda kuliko kupika. Alikishika kwa koleo la nyama, akamwita mumewe, kafili wangu aliyenidhamini kazini, aliyekuja na simu mkononi tayari kuita polisi. Jela niliiogopa, lakini niliogopa zaidi kurudishwa na jina hilo. Kwetu anayeitwa mchawi huchomewa nyumba, na nyumbani alikuwamo mama yangu.

"Sihr," alisema madam. Uchawi.

"Mafi sihr, baba, hakuna uchawi. Ni zangu mwenyewe. Angalia."

Niliingiza vidole chini ya mtandio, nikang'oa unywele, nikauweka kando ya zile. Baba aliuvuta mmoja wa kitambaani, ukarudi kujikunja. Akamtazama mkewe, ambaye nywele zake zilinyooka hadi kiunoni.

"Halas," akasema, yaani basi, yameisha, akarudisha simu mfukoni.

Madam aliuliza kwa nini basi nilizificha. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimwogopa yeye. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

Haikupita wiki nikapelekwa Jeddah kwa dada yake, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Alinipokea vizuri, akanipa tende na kunionyesha chumba. Nilipoingia bafuni kusafisha, sikukuta hata kitana kimoja. Vyote alikuwa amevifungia kabatini, ufunguo ameuvaa shingoni.

Nikarudi chumbani, nikachukua changu, nikakitia kifuani.