Wachungaji wa Binti Yangu

Nilikuwa nachambua mchicha jikoni kwetu Xiaobei, katika mji wa Kichina tunakofanyia biashara, binti yangu anayesomea upigaji picha akaingia.

"Mama, nimepata nafasi. Naenda Marekani miezi miwili kuwapiga picha wachungaji weusi."

"Sisi si watu wa kanisa, lakini wachungaji wana heshima zao. Nenda, mwanangu."

Baba yake, aliyekuwa mlangoni, akaacha kufunga mzigo wa Dar. "Muulize wanachunga nini."

Binti akanisogezea simu. Mwanamume mweusi kama mjomba wangu, kofia pana kichwani, yuko hewani. Chini yake fahali ameinama pembe mbele.

"Wanashindana kumpanda, mama."

"Na wewe utasimama wapi?"

"Kwenye uzio."

"Ndani au nje?"

Akakuna shingo. "Ruhusa umeshatoa."

Kweli nilitoa, kwa neno moja linalomtosha mwenye kanisa na mwenye ng'ombe. Ila kilichonisumbua ni ile kofia pana. Miaka sita nanunua kofia kama hizo soko la Zhanqian kupeleka Dar, na siku zote nilijua ni za wazungu wa kwenye sinema. Hakuna aliyewahi kunionyesha picha nyingine.

Sikuiondoa ruhusa. "Nje ya uzio," nikamwambia, nikapakua wali. Tulikuwa watatu mezani, bado wote tupo.