Siku Mama Mkwe Aliporusha Vijiwe

Safari yangu ya kwanza Guangzhou nilikwenda na mama mkwe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi mke mpya, yeye mfanyabiashara mzoefu aliyeogopwa kuanzia soko la Darajani kwetu hadi masoko ya Sanyuanli huko Guangzhou. Nilikuwa sijapata kumwona akicheka.

Asubuhi moja tulikwenda Shiling, mji mdogo wa karakana za mikoba, kuchukua mikoba tuliyoagiza kwa biashara. Haikuwa tayari. Laobani, yaani bosi wa karakana, mwanamke wa makamo kama mama mkwe, alitikisa kichwa: "Mingtien." Kesho. Mama mkwe alimkazia macho mpaka mimi nikaona haya. Nadhani na yule mama aliona haya, maana alichukua ufunguo wa pikapu yake, akatuashiria tupande.

Tulikwenda karibu saa nzima, tukayaacha majengo ya viwanda, tukaingia kwenye mashamba ya mpunga. Alipoegesha, tulimfuata kwa miguu katikati ya mianzi.

"Anatupeleka wapi huyu?" mama mkwe alininong'oneza.

Mianzi ikaisha, tukauona mto. Ukingo wote ulikuwa vijiwe, vyeupe na vya kijivu, laini kama mayai. Hapakuwa na mtu. Wiki tatu nilikuwa nimeishi na honi na kelele za bei, sasa nasikia maji tu, na furaha ikanipanda kichwani. Nikavua viatu. Vijiwe vilikuwa vya moto kwa jua, vikanichoma nyayo, nikawa natembea kama kuku aliyekanyaga makaa.

Laobani akaokota kijiwe bapa, akakirusha, kikadunda juu ya maji mara tatu. Akatutazama.

"Anatutambia," mama mkwe akasema. Akanipa mkoba wake, akakunja baibui kiunoni, akarusha. Mara nne.

Basi wakashindana, watu wasioelewana neno, wakipiga mayowe kama watoto waliotoroka chuo cha Kurani. Mama mkwe akaingia majini apate nafasi nzuri, akateleza, akaketi mtoni pwaa, baibui limejaa hewa limemzunguka kama puto. Niliganda. Halafu akacheka, akacheka mpaka machozi. Laobani alikwenda kumwinua, akaanguka naye. Mimi sikungoja kuanguka. Niliingia na nguo zangu.

Jioni, nguo zetu zimeanikwa chumba kizima, mume wangu alipiga simu nyumba ya wageni, akamuuliza mama yake siku ilikwendaje.

"Kazi tu, mwanangu. Tumechoka sana," akajibu, huku akinikanyaga mguu ninyamaze.