Sauti ya marehemu mumewe, kutoka upande wa pili wa ukuta

Wakuu, heshima kwenu. Huwa nasoma tu humu na kupita, ila leo naweka hili jambo kama lilivyokuwa, bila chumvi. Mhusika mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na studio ndogo Mwenge. Ndiyo kwanza kompyuta zinaingia madukani, na jamaa mmoja akaniletea software ya surround kutoka Dubai.

Kwenye skrini unaona duara, msikilizaji yuko katikati. Unaburuta kila sauti na kuiweka unapotaka: mbele, nyuma, pembeni. Spika nne, moja kila kona. Nilijiona nimefika.

Akaja Bi Zuhura wa Msasani, kashikwa mkono na mwanawe Hamisi. Alikuwa haoni tena, na miguu imeanza kumgomea. Nyumba yao imeuzwa kwa tajiri, itavunjwa, wao wanahamia Bunju.

Alitaka kuhama na kitu kimoja tu: maulidi ya mwisho aliyosoma marehemu mumewe ndani ya nyumba ile. Walikuwa na kanda mbili. Moja ilirekodiwa sebuleni kwa wanaume, nyingine uani kwa akina mama.

Ya uani niliiweka kando. Masufuria, watoto, vikohozi, fujo tupu. Nikasafisha ya sebuleni, nikamweka mzee mbele katikati, waitikiaji nikawazungusha pande zote. Kusema kweli ilipendeza.

Bi Zuhura akasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza kama kuna ishu.

"Kazi nzuri, mwanangu," akasema. "Ila umenikalisha walikokaa wanaume. Mie sijapata kukaa mbele yake kwenye maulidi. Nilikuwaga uani na wenzangu, namsikia ukutani."

Mie nimekulia Temeke kwenye maulidi hayo hayo, mama yangu yuko uani, na sikuwahi kujiuliza yeye anasikia nini.

Nikaanza upya. Kanda ya uani ikawa ndiyo msingi. Mzee nikampeleka nyuma kulia, ulikokuwa ukuta wa sebule kwa maelezo ya Bi Zuhura, nikaififisha sauti yake mpaka ikawa kama inapenya tofali. Akina mama nikawaweka karibu kabisa, na masufuria yao.

Tukaenda kufunga spika Bunju, chumba hakijapigwa hata plasta. Ilivyoanza tu, Bi Zuhura akageuza uso nyuma kulia, akatulia hivyo.

Ilipofika kiyamu, pale ambapo wote husimama kumsalia Mtume, akaomba mkono wa Hamisi. Akasimama. Akaitikia pamoja na wenzake wa uani, ambao wengi walishakufa. Na sie tuliokuwemo tukasimama. Nililia, sifichi.

Tangu siku ile, kabla sijagusa software yoyote, namuuliza mtu kwanza alikuwa amekaa wapi.

Wakuu mliokulia kwenye nyumba zenye uani, mkifumba macho, wazazi wenu mnawasikia kutoka upande gani? Andikeni hapa chini, nitasoma zote.