Mapenzi wa Utange na Msemo wa Mjomba

Usimwambie Mapenzi binti Nyamvula kwamba ujinga ni upofu; atakuweka chini akufunze adabu. Surua ilimchukulia macho akiwa na miaka minne, ulimi ikamwachia, tena mkali. Hapo kwao Utange hushona makuti mchana kutwa, redio ubavuni, na kipindi cha mashairi kikianza majirani hujua, maana humsikia akibishana nayo. "Giza la ujinga! Kipofu wa moyo! Ala! Mshairi akiishiwa na matusi, humkopa kipofu." Kisha hutunga lake, akaliweka kichwani.

Gedion, fundi wa magurudumu kule Miritini, alikuja kununua makuti ya kuezekea kibanda chake. Wiki ya pili akarudi. Ya tatu pia. Safari ya nne Mapenzi akamuuliza, "Kaka, waezeka kibanda au hoteli?" Gedion akacheka mpaka akakaa chini, akakiri kwamba kibanda kilikwisha tangu safari ya kwanza. Kicheko kile ndicho kilichommaliza Mapenzi. Jamani, kupenda raha!

Basi Jumamosi ya posa ikafika. Gedion akaleta mbuzi wa mahari na watu wake kutoka Ukambani, wakiongozwa na mjomba wake, Mzee Musyoka. Mapenzi aliogopa jambo moja tu: wageni watamtazama macho, wasione kingine, warudi kwao na mbuzi wao. Mamake naye hakumsaidia.

"Leo usitie neno," Nyamvula alimwonya akimfunga leso mpya. "Mwali hasemi mbele ya wakwe. Ulimi wako nauogopa kuliko nyoka."

Wageni wakala wali wa nazi, wakausifu. Kisha Mzee Musyoka akasimama, akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu, wako watu kwetu waliouliza, huyu kijana kwa nini aoe mbali hivyo? Mimi niliwajibu neno moja. Mapenzi ni kipofu!"

Loo! Mzee wa watu alikuwa ametoa msemo unaosemwa na kila mtu, akasahau jina la bibi harusi, akasahau na hali yake. Nyamvula akafyonya. "Mjomba!" Gedion akanong'ona.

"Sikuwa na maana... Yaani mapenzi, si huyu Mapenzi... ingawa na huyu pia..." Kila neno lilimzamisha Mzee zaidi. Mwisho akageuka kutafuta kofia yake aondoke zake.

Mapenzi aliisikia miguu ikielekea mlangoni, na posa yake ikienda nayo. Akakumbuka onyo la mamake, akalitupa, akaangua kicheko.

"Shikamoo, baba. Rudi ukae. Umesema kweli tupu, nami nina jibu lake."

Na pale mkekani, mbele ya wakwe, mwali akaghani:

*Mapenzi hayana macho, mwasema kila mahali,*
*Hunipa nikitakacho, bila kuulizwa swali,*
*Sauti haina ficho, nimeipima ukweli,*
*Nyinyi mnaona mbali, mimi nimemwona yeye.*

Kisha Mzee Musyoka akaitupa kofia yake juu. "Marahaba, mwanangu! Marahaba mara mia! Gedion, wewe mtoto, huyu ulimpata wapi?"

"Kwenye makuti, mjomba."

"Basi kesho nami naezeka!"

Nyumba ikalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mzee akaomba mstari wa mwisho urudiwe, ukarudiwa, wageni wakaudaka, wenyeji wakaupokea, ukawa wimbo wenye makofi hadi uani kwenye mbuzi. Mapenzi akatega sikio lake kali, akichambua sauti moja moja. Ya Gedion aliipata upesi, ikitetemeka kwa furaha. Lakini iliyozishinda zote kwa kelele, tena ikipotea mahadhi bila haya, ilikuwa ya Nyamvula, yule aliyekataza watu kutia neno.