Kisanduku cha Mama Mdogo

Mwalimu alimkata mama mdogo kwa wino mwekundu. Mistari miwili ya kupishana, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguuni, juu ya picha ambayo mdogo wangu alikuwa ameipaka rangi kwa siku mbili. Pembeni aliandika: "Mama ni mmoja. Rudia."

Mdogo wangu alikuwa Gredi ya Tatu. Ulikuwa muhula wa tatu, ule muhula mfupi ambao shule huubebesha kila kitu: maombi ya watahiniwa wa Gredi ya Sita, mashindano ya usafi, kurekebisha madawati, na mwishoni siku ya wazazi. Mwaka huo mwalimu wao alisema kila mtoto alete chati ya familia yake ibandikwe ukutani. Siku ya wazazi mtoto angesimama mbele ya chati hiyo na kusoma habari za nyumbani kwao za mwaka mzima: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki, wamevuna nini. Kusema kweli niliipenda hiyo kazi. Wakati wetu hakuna mwalimu aliyetuuliza habari za nyumbani, isipokuwa alipotaka kujua kwa nini tumechelewa.

Kitabu cha mwalimu kilikuwa na mfano wenye visanduku vitano: babu, nyanya, baba, mama, watoto. Mdogo wangu hakuchora visanduku. Alichora boma letu hapa Uriri jinsi lilivyo. Lango, nyumba ya mama, nyumba ya mama mdogo, kaburi la baba mbele, na kila mtu amesimama mlangoni pake. Baba alimchora ameketi juu ya kaburi lake kama mtu anayeota jua. Mwalimu hakumkata baba. Alimwandikia "marehemu" na kumwonyesha mtoto kisanduku cha kumweka. Kwa hiyo baba, aliye ardhini mwaka wa tatu sasa, alipata nafasi. Mama mdogo, ambaye asubuhi hiyo hiyo alimkorogea mtoto uji na kumkagua shingo kama imesuguliwa vizuri, alikosa.

Ni mke wa pili wa baba. Aliletwa nikiwa na miaka minane, na sitadanganya kwamba boma lilikuwa na amani. Mama yangu hakumsemesha karibu mwaka mzima. Halafu mama alimzaa mdogo wangu, na kabla mtoto hajaanza kutambaa mama aliugua sana, akalazwa Homa Bay wiki nyingi. Mtoto alibaki mgongoni mwa mama mdogo, akinyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Mama aliporudi na kunyoosha mikono, mtoto alilia akakataa kushuka kutoka mgongo ule. Mama alikasirika, kisha akacheka, na kuanzia hapo wakaanza kuongea.

Baba alipofariki, mama alivuka ziwa kwenda kisiwa cha Mfangano kuanika omena, wale dagaa. Hurudi anapoweza. Tangu wakati huo shule inamjua mama mdogo tu. Namba ya simu waliyo nayo ni yake. Mtoto akipata homa, ndiye anapigiwa. Zamu ya kupika uji ni yake, kuni ni zake, na sakafu ya chekechea ilipopasuka, yeye na akina mama wengine watatu waliikandika upya wakiwa wamepiga magoti. Kwa kuni na kwa matope anajulikana. Kwenye karatasi hajulikani.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nilimaliza darasa la nane nikabaki nyumbani kulima, na hata sokoni mama mdogo ndiye anayeita wateja, mimi napanga tu viazi mafungu. Lakini ile alama nyekundu sikuweza kuiacha hivyo. Kesho yake nilikunja ile karatasi ya manila yenye picha, nikaenda nayo mpaka mlango wa chumba cha walimu.

"Ni nini, dada?" mwalimu aliuliza.

"Ni hii chati, mwalimu."

"Iko na shida gani?"

"Umemkata mama mdogo."

Alicheka kidogo. "Sijakata mtu. Nimekata picha. Kwani mama yenu yuko wapi?"

"Yuko Mfangano."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi mtoto ana mama. Huyo mwingine anaingilia wapi?"

Mwalimu mwenzake alikuwa pale akila viazi vitamu. Alisema mdomo umejaa, "Mimi mama yangu ni mmoja tu na kelele zake siziwezi. Huyu mtoto anataka wawili!"

Wakacheka wote wawili. Nilingoja wamalize.

"Lakini ndiye anakuja mikutano," nilisema.

"Sikiza, dada yangu. Kuna wageni wanatoka ofisi ya elimu Migori. Wanataka kuona chati zinafanana. Nikikubali hii, kesho mwingine ataniletea mama wanne, na mjomba, na ng'ombe. Asipobadilisha, siku ya wazazi hatasimama."

Nikasema, "Sawa, mwalimu."

Maneno mawili tu. Nimeyarudia mazungumzo yale kichwani mara nyingi, na kila mara namjibu vizuri zaidi kuliko nilivyomjibu siku ile.

Nyumbani nilichukua manila nyingine. Mdogo wangu alikaa karibu yangu chini ya ukingo wa paa, mvua ikinyesha, akiniangalia nikipiga mistari kwa rula.

"Mama mdogo nimwandike kwa watoto?" aliuliza.

"Hapana."

"Kwa nyanya?"

"Nyanya ni nyanya."

"Sasa nimwandike wapi?"

"Usimwandike. Ni ya shule tu. Hatajua."

Nilisema hatajua kwa sababu mama mdogo aliacha shule mapema na kusoma kwake ni kwa kuokota herufi moja moja. Yaani nilitumia hilo. Niliandika majina ya wote polepole, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, visanduku vitano vilivyonyooka. Mtoto hakugusa hata rangi moja.

Siku ya wazazi mama mdogo alivaa gauni lake la kanisani, la buluu, na viatu alivyovibeba mkononi mpaka getini kwa ajili ya matope. Alifika mapema. Wageni walikuwa bado. Alinipita mlangoni mwa darasa akaenda moja kwa moja ukutani, akaanza kutafuta chati yetu, akisimama kwa kila moja kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Hii ndiyo yetu?"

"Ndiyo."

Aliweka kidole. "Huyu baba yenu. Huyu mama yenu. Hawa ni nyinyi." Kidole kilirudi mwanzo, kikapita tena polepole, mpaka ukingoni mwa karatasi. "Sijioni."

"Visanduku vilikuwa vitano," nilisema.

"Na nani aliandika herufi nzuri hivi?"

Niliinama kusogeza benchi.

"Naujua mwandiko wako," alisema. "Ndio unaniandikiaga madeni ya wateja." Akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa.

Wageni walikuja, nao walikuwa wawili tu, na mmoja wao muda wote alikuwa kwenye simu. Watoto walisimama mmoja mmoja. Mmoja alisema kaka yake ameoa. Mwingine alisema nyumba yao iliezuliwa na upepo ikajengwa tena. Watu walipiga makofi, wakacheka, ilikuwa furaha, na hilo ndilo linalonichoma, kwamba ilikuwa siku nzuri kwa watu wengine wote.

Mdogo wangu alipoitwa alisimama mbele ya ile chati tupu isiyo na rangi. Alisoma kwa sauti ndogo. "Mwaka huu mama yetu alikuja nyumbani mara mbili. Mwaka huu ng'ombe wetu alizaa dume. Mwaka huu mama mdogo aliungua mkono na mafuta, lakini akapona, na..."

"Soma ya walio kwenye chati," mwalimu alimkatiza. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwelekeza mtoto mstari wa kusoma.

Mtoto aliangalia karatasi yake. Habari zilizobaki zote zilikuwa za mama mdogo. Akaikunja ile karatasi.

"Basi ni sawa. Mzazi wake asimame tumpigie makofi."

Watu waligeuka kumtazama mama mdogo, kwa sababu pale hakuna asiyemjua. Hakusimama. Mama mmoja akamgusa bega. "Wanakuita."

"Hawaniiti mimi," mama mdogo alisema, na hakushusha sauti. "Wanamwita yule wa ukutani. Mwambie amwite asimame."

Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Mtoto alibaki pale mbele peke yake, vidole vimeshika sketi. Nilijikuta nimesimama, na sauti iliyotoka haikuwa kubwa, lakini darasa lilikuwa kimya.

"Mwalimu, mzazi wake ni yule pale. Alikuwa kwenye chati. Uliniambia nimtoe, nikamtoa."

Mwalimu alitabasamu kuelekea kwa wageni. "Tutaongea baadaye, dada. Makofi kwa mtoto!"

Makofi yakapigwa, machache, na mtoto mwingine akaitwa. Hivyo tu. Maneno yangu yalifagiliwa kando kama maganda ya njugu.

Tulirudi nyumbani. Mama mdogo alibadilisha gauni, akakaa kumenya muhogo, na mimi nikakaa karibu nikamenya pia, kwa sababu sikujua pa kuanzia.

"Nisamehe," nilisema mwishowe.

"Mwalimu ni mtu wa nje," alisema bila kuinua kichwa. "Anaweza kunikata akitaka. Wewe unakula kwangu."

Akaendelea kumenya.

"Na mama yake huyo mwalimu unamjua? Nimelima naye vibarua vya kijungu-jiko miaka mingi, ng'ambo ya kijito. Ni nyumba ya tatu, yaani mke wa tatu. Ya tatu! Na karo ya chuo cha huyo mwalimu ililetwa na ng'ombe wa nyumba ya kwanza, wa yule mama mkubwa. Sasa kwenye chati yake yeye, nani alimfuta nani?"

Jioni mama alipiga simu kutoka Mfangano na mdogo wangu akamwambia kila kitu kwa pumzi moja. Nikamsikia mama akisema, "Mimi mwenyewe nilipotaka huyo mwanamke atoke nilishindwa. Leo mwalimu anamtoa kwa kalamu? Hebu nipe nyieka wangu." Ndivyo anavyomwita mke mwenzake kwa Kijaluo. Waliongea muda mrefu. Mama mdogo alicheka mara moja tu, kwa pua.

Jumatatu nilirudi shuleni. Mara hii sikukunja chochote mkononi. Mwalimu alikuwa darasani akifuta ubao, watoto wako uwanjani.

"Nimekuja kuchukua chati yetu."

"Chati ni ya shule sasa. Iko kwenye tathmini."

"Ongeza kisanduku cha sita, basi."

"Dada, nilikuambia. Kitabu..."

"Mwalimu," nikasema, "mama yako ni nyumba ya ngapi?"

Aliacha kufuta. Alitazama mlangoni kwanza kama kuna mtu anasikia. "Hayo ni mambo ya kwetu."

"Na hata wewe umetuuliza mambo ya kwetu. Mtoto akakujibu ukweli."

Nilidhani atasema kitu cha maana. Nilitaka aseme, ningemheshimu hata kama angenitukana. Alisema, "Ukiitoa hapo, hatapata alama ya hiyo mada. Usije kunilaumu."

Niliibandua mwenyewe. Gundi ilitoka na rangi ya ukuta kidogo. Nilienda nayo nyumbani, mama mdogo akaitumia kuwashia moto.

Shule ilifungwa baada ya wiki mbili. Mdogo wangu alileta ripoti ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa amefanya vizuri hesabu, na kusoma, na mazingira. Kwenye mstari wa mada ya familia mwalimu aliandika: "Chini ya matarajio." Nilimsomea mama mdogo yote, na mstari ule pia, kwa sababu nilikuwa nimeshamficha mara moja na iliniwia vibaya.

"Chini ya matarajio kwa familia?" aliuliza.

"Ndivyo ameandika."

"Mtoto huyu?"

"Huyu."

Alimtazama mtoto aliyekuwa amesimama mbele yake na kalamu, akingoja, kwa sababu chini kabisa palikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi. Nilikuwa nimemwambia mdogo wangu kwamba mama atakuja Desemba na anaweza kutia sahihi akifika. Yeye akampa mama mdogo kalamu.

Mama mdogo aliifuta mikono kwenye leso, akaweka ripoti juu ya goti, akaandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, akikandamiza mpaka karatasi ikatoka matuta upande wa pili. Ilimchukua muda. Jina lilikuwa refu kuliko nafasi waliyoacha, likavuka mstari, likapita juu ya mhuri wa shule.

"Watasema nimeharibu," alisema.

"Waseme," nikamwambia.